Mboga za Chumvi, Samaki wa Chumvi na Uvimbe wa Ubongo: Ushahidi Kutoka China Unafika Wapi?

Dai kwamba ulaji wa Wachina unahusiana na uvimbe wa ubongo limebeba ndani yake mambo matatu ambayo kwa kawaida husimuliwa kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni vyakula vinavyohifadhiwa kwa chumvi: mboga za kuchachusha, samaki wa chumvi, nyama na soseji za kukausha. La pili ni ajinomoto, ule unga mweupe wa kukoleza mchuzi ambao umeshasingiziwa karibu kila ugonjwa. La tatu ni dhana kwamba nchi yenye watu wapatao bilioni 1.4 inakula chakula cha aina moja. Kila jambo lina historia yake na ushahidi wake, na uzito wa ushahidi huo unatofautiana sana. Kwa saratani ya koo la juu, ya umio na ya tumbo, baadhi ya vyakula vya chumvi vya China vina ushahidi unaotosha kuvitia lawamani. Kwa ubongo, ushahidi ni mwembamba, na sehemu kubwa ya unaosemwa mitandaoni ni lawama ya viungo vingine iliyohamishiwa kichwani.

Uvimbe wa ubongo wenyewe si ugonjwa mmoja. Glioma huanzia katika seli zinazozishikilia na kuzihudumia seli za neva, na ile kali kuliko zote huitwa glioblastoma. Meninjioma huota katika utando unaoufunika ubongo. Nyingi hukua polepole na si saratani, ingawa zinaweza kumletea mtu degedege au upofu kwa kubana tu mahali zilipo. Zaidi ya hizo kuna uvimbe uliosafiri kutoka mapafu, matiti, figo au ngozi, na kwa watu wazima uvimbe wa namna hiyo hupatikana mara nyingi zaidi kuliko ule ulioanzia ndani ya fuvu. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Mgonjwa ambaye saratani yake ya mapafu imepanda kichwani husemwa mtaani kuwa ana saratani ya ubongo, na ndugu wakianza kutafuta chanzo katika sahani yake, huwa wanakitafuta pasipo pake tangu mwanzo.

Jambo jingine la kuliweka wazi mapema ni uchache wa ugonjwa huu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yalihesabu wagonjwa wapya wapatao 321,000 wa saratani za ubongo na mfumo mkuu wa neva duniani kote, na vifo karibu 248,000. Ni mzigo mkubwa kwa familia zilizopatwa, lakini kwa idadi ya watu duniani ni wagonjwa wachache tu kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Uchache huo, kama tutakavyoona, ndio unaofanya swali la chakula liwe gumu kujibika.

Twende China sasa, na tuanze na chakula chenyewe. Katika mikoa ya kaskazini-mashariki, Heilongjiang ukiwa mmojawapo, majira ya baridi hushusha joto hadi nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, na kabla ya majokofu na malori ya mboga kuenea, kaya zilikuwa zikijiandaa kwa miezi hiyo kuanzia vuli. Kabichi ndefu za Kichina zilipangwa katika mitungi mikubwa ya udongo, zikatiwa chumvi na maji, zikakandamizwa kwa jiwe zito ili zisielee, kisha zikaachwa zichache zenyewe. Mboga hiyo huitwa suan cai, na ndiyo iliyoliwa kwa miezi, pamoja na nyama ya nguruwe au tambi. Kusini, katika mkoa wa Guangdong, kitoweo cha wengi kilikuwa samaki wa chumvi aliyeachwa kwanza alegee na kuanza kuharibika kidogo kabla ya kukolezwa chumvi, kwa kuwa harufu na ladha yake ndiyo iliyotakiwa. Katikati, katika wilaya ya Linxian mkoani Henan, chini ya milima ya Taihang, wakulima waliishi kwa nafaka na mboga zilizochachushwa, na matunda mabichi yalikuwa adimu. Watu wa sehemu hizi tatu wote ni Wachina, na hakuna chungu kimoja kinachowaunganisha.

Ramani ya saratani ya China nayo haifanani kutoka mkoa hadi mkoa. Uchunguzi mkubwa wa vifo uliofanyika nchini humo kati ya mwaka 1973 na 1975 ulionyesha kwamba saratani fulani zilikuwa zimejikusanya katika wilaya chache, huku wilaya jirani zikiwa na nafuu. Linxian iliongoza kwa saratani ya umio. Guangdong ilijulikana kwa saratani ya koo la juu, nyuma ya pua, ambayo katika sehemu nyingi za dunia humpata mtu chini ya mmoja kwa kila 100,000 kwa mwaka, wakati kwa wanaume wa baadhi ya maeneo ya kusini mwa China ilifika 20 na zaidi. Tofauti kubwa namna hiyo hutoa fursa njema ya utafiti, kwa sababu kitu kinachozidisha ugonjwa mara 20 hakijifichi kirahisi.

Ndivyo ilivyokuwa. Utafiti uliofanywa Hong Kong na Guangdong uliwakuta wagonjwa wa saratani ya koo la juu wakiwa wamelishwa samaki wa chumvi tangu utotoni, wengine tangu walipoachishwa ziwa, kuliko watu wasio na ugonjwa. Panya waliolishwa samaki huyo maabara walipata uvimbe katika pua. Virusi vya Epstein-Barr na urithi wa kifamilia vilionekana kuwa na sehemu yao, lakini mwaka 1993 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, uliona ushahidi unatosha na ukamweka samaki wa chumvi wa mtindo wa Kichina katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hapa wasomaji wa pwani wanaokula ng'onda na papa mkavu wana haki ya kuuliza habari za kitoweo chao. Tathmini hiyo hiyo iliwatenganisha samaki wengine wa chumvi na yule wa Kichina: ilisema ushahidi uliokuwapo hautoshi kuwapanga katika kundi lolote la hatari. Mboga za kuchachusha za asili ya Asia ziliwekwa katika kundi la vitu vinavyowezekana kusababisha saratani, daraja la chini zaidi la tuhuma. Na ieleweke kwamba makundi haya hupima uthabiti wa ushahidi tu. Hayasemi hatari ni kubwa kiasi gani, wala hayamaanishi kwamba kilichoharibu koo kitaharibu na ubongo.

Linxian nako kulifanyika jaribio ambalo bado linatajwa. Kati ya mwaka 1986 na 1991 watu 29,584 walipewa vidonge vya vitamini na madini kwa mipango tofauti. Ripoti ya mwaka 1993 ilionyesha kuwa waliopata seleniamu, beta-karotini na vitamini E kwa pamoja walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 9, na vifo vya saratani ya tumbo vilipungua kwa asilimia 21. Hao walikuwa watu wenye upungufu wa lishe wa miaka mingi, na matokeo kama hayo hayakurudiwa pale vidonge vilipopewa watu walioshiba. Ninalitaja jaribio hili kwa sababu linafundisha jambo litakalorudi mbele: katika maeneo maskini, madhara ya mboga za chumvi na madhara ya kukosa mboga mbichi hukaa pamoja, na kuyatenganisha ni kazi ngumu.

Basi tuhuma ilifikaje kwenye ubongo? Ilipitia maabara za kemia za Ulaya. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Uingereza, Peter Magee na John Barnes, walitangaza kwamba panya waliolishwa dimethilinitrosamini, kemikali ya jamii ya nitrosamini iliyotumika viwandani, walipata uvimbe wa ini. Miaka michache baadaye mifugo nchini Norwei iliugua ini kwa kula unga wa samaki aina ya heringi aliyehifadhiwa kwa nitriti, aina ya chumvi ya kuhifadhia chakula, na nitrosamini hiyo hiyo ikapatikana ndani ya unga. Hapo ikajulikana kwamba sumu hii si ya viwandani tu. Inaweza kujiunda yenyewe ndani ya chakula.

Jinsi inavyojiunda inaeleweka vizuri. Mboga za majani huwa na nitrati nyingi kutoka udongoni. Bakteria huigeuza nitrati kuwa nitriti, na hilo hutokea ndani ya mtungi wa kuchachusha, na vilevile mdomoni mwa mtu yeyote anayekula mchicha. Nitriti ikikutana na amini zinazotokana na kuvunjika kwa protini, hasa za samaki na nyama, nitrosamini zinaweza kuzaliwa, na tindikali ya tumbo huharakisha kazi hiyo. Vitamini C huizuia. Ndani ya mtungi wa suan cai, nitriti hupanda katika siku za mwanzo hadi kilele, kisha hushuka kadiri uchachu unavyoongezeka, na ndiyo maana nchini China watu huonywa wasiifungue mboga hiyo mapema na washauri wengi hutaja siku 20 kama muda wa chini wa kusubiri. Kwa hiyo bakuli mbili za mboga yenye jina moja, moja ikiwa ya siku ya tano na nyingine ya mwezi wa pili, zinaweza kuwa na kemia tofauti kabisa, jambo ambalo dodoso la utafiti linalouliza mtu amekula mboga za chumvi mara ngapi kwa wiki haliwezi kulinasa.

Katika miaka ya 1960 Mjerumani Hermann Druckrey na wenzake walipiga hatua iliyouingiza ubongo katika habari hii. Walimpa panya mwenye mimba dozi moja tu ya ethilinitrosourea, ndugu wa kikemia wa nitrosamini, na watoto wake walipokua wakapata uvimbe wa ubongo na wa neva kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1974 Regine Goth na Manfred Rajewsky wakaonyesha sababu mojawapo. Kemikali hiyo hubandika kipande cha ziada katika herufi moja ya DNA, ile ya guanini; seli za ini hukiondoa upesi, lakini katika ubongo wa panya kilibaki kwa muda mrefu, na seli zikiendelea kugawanyika kosa hilo likawa la kudumu. Yaani sumu ilifika mwilini kote, na kiungo kilichoshindwa kujirekebisha ndicho kilichoumia.

Ni hoja nzuri kweli, na mtu akiisoma kwa mara ya kwanza ni rahisi aone mambo yamekwisha. Lakini kuna pengo katikati yake. Nitrosourea iliyotumika maabara hufanya kazi yenyewe moja kwa moja na hupenya hadi kwenye ubongo. Nitrosamini zinazopatikana kwa kawaida katika vyakula vya chumvi zinahitaji kwanza kuamshwa na vimeng'enya, ambavyo vimejaa zaidi kwenye ini na katika baadhi ya seli za umio na pua, na zikishaamshwa huishi muda mfupi sana, hivyo madhara yake hutokea pale pale zilipoamshwa. Ndiyo sababu moja ya ini, umio na koo kuonekana mara kwa mara katika ushahidi huku ubongo ukikosekana. Kuna na ajabu moja ya kitabibu: temozolomaidi, dawa ambayo tangu utafiti uliochapishwa mwaka 2005 hutolewa pamoja na mionzi kwa wagonjwa wa glioblastoma, huua seli za uvimbe kwa kuishambulia guanini mahali pale pale. Katika utafiti huo wagonjwa waliopata dawa na mionzi waliishi kwa wastani wa kati miezi 14.6, na waliopata mionzi peke yake miezi 12.1.

Kutoka kwa panya, watafiti walihamia kwa watu. Nchini Marekani, Ujerumani, Israeli na Australia zilifanyika tafiti za kuwalinganisha wagonjwa wa uvimbe wa ubongo na watu wasio nao, wakiulizwa walichokula zamani, na baadhi ziliwaona wagonjwa wakiwa wamekula zaidi nyama za kusindikwa. Kwa China, utafiti unaorejewa zaidi ni wa Heilongjiang, uliochapishwa mwaka 1999. Uliwahusisha wagonjwa watu wazima 129, kati yao 73 wa glioma na 56 wa meninjioma, ambao ugonjwa wao ulithibitishwa kwa kipimo cha nyama ya uvimbe, na watu 258 wa kulinganisha nao kutoka hospitalini. Waliokula kwa wingi mboga mbichi, hasa kabichi ya Kichina na vitunguu, pamoja na matunda, samaki wabichi na kuku, walionekana kuwa na hatari ndogo. Waliokula kwa wingi mboga za chumvi walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi.

Matokeo haya ndiyo yanayobeba karibu uzito wote wa dai tunalolijadili, kwa hiyo yanastahili kusomwa polepole. Ukiwagawa watu 129 katika makundi manne kufuatana na kiasi wanachokula, kama ilivyo desturi ya tafiti za lishe, kila kundi linabaki na wagonjwa kama 32. Ukiwachukua wa glioma peke yao, ni kama 18. Kwa idadi hiyo, wagonjwa watano au sita wakijibu tofauti, jibu la utafiti mzima linaweza kusogea sana. Kuchanganya glioma na meninjioma katika hesabu moja kunaongeza idadi, lakini kunaunganisha magonjwa mawili yanayoanzia katika seli tofauti na ambayo hakuna sababu ya kudhani yana chanzo kimoja.

Kisha kuna kumbukumbu. Mtu yeyote akiulizwa alikula nini miaka mitano iliyopita atakisia. Mwenye glioma ana shida zaidi, kwa sababu uvimbe wenyewe unaweza kuwa umekaa katika sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu au maneno, na katika tafiti nyingi za aina hii mke au mtoto ndiye anayejibu kwa niaba yake. Aidha, aliyekwisha kuambiwa ana uvimbe huchunguza maisha yake yote akitafuta kosa, na chakula alichoonywa nacho tangu zamani ndicho hukumbukwa kwanza. Mgonjwa wa mguu uliovunjika, anayelinganishwa naye, hana haja ya kujiuliza hivyo. Na kabla ya uvimbe kugunduliwa, unaweza kuwa umeshabadilisha hamu ya kula au uwezo wa kunusa kwa miezi mingi, hivyo kinachopimwa kama chanzo kikawa ni dalili.

Suala la tatu ni umaskini. Katika Heilongjiang ya miaka ya 1990, kula matunda mabichi na kuku katikati ya baridi kulihitaji fedha na soko la karibu, wakati mboga za mtungini zilikuwa za kila mtu na hasa za mwenye kipato kidogo. Watu hawa wawili hawakutofautiana katika mboga peke yake. Walitofautiana katika moshi wa makaa waliovuta ndani ya nyumba, kazi walizofanya, maji waliyokunywa, na hospitali walizoweza kufika. Watafiti hujaribu kuyasawazisha mambo haya kwa hesabu, lakini huwezi kusawazisha usichokipima. Siwalaumu waliofanya utafiti huo; walifanya kilichowezekana kwa ugonjwa adimu. Lawama ni ya wanaouchukua na kuutangaza kama hukumu.

Njia ya kukwepa tatizo la kumbukumbu ni kuwauliza watu chakula chao wakiwa wazima, kisha kuwafuatilia kwa miaka na kuona nani ataugua. Gharama yake ni kubwa. Ugonjwa ukiwapata watu wanne kwa kila 100,000 kwa mwaka, kuwafuatilia watu 100,000 kwa miaka kumi kutatoa wagonjwa 40 tu. Hata hivyo kazi imefanyika. Mwaka 2009 matokeo ya makundi matatu ya wauguzi na wataalamu wa afya wa Marekani, yenye wagonjwa 335 wa glioma, hayakuona uhusiano na nyama za kusindikwa, nitriti wala nitrosamini za chakulani. Mwaka 2010 utafiti mwingine wa Marekani wenye washiriki zaidi ya 545,000 na glioma 585 nao haukuikuta nyama ya kusindikwa na hatia. Mkubwa kuliko yote ulichapishwa mwaka 2019, ukiunganisha wanawake wa Uingereza na makundi mawili ya Marekani, jumla watu 1,262,104, ambao kati yao 2,313 walipata glioma. Vyakula na virutubisho vingi vilipimwa. Hakuna kilichoonyesha kwa uthabiti kwamba kinaongeza au kinapunguza hatari.

Anayetetea dai la China anaweza kujibu kwamba Waingereza na Wamarekani hawali suan cai, na jibu hilo ni la haki. Soseji ya kiwandani ya leo hutiwa nitriti kwa kipimo cha sheria pamoja na vitamini C au jamaa yake ili kuzuia nitrosamini, na haifanani na mtungi wa kijijini. Tafiti hizo basi hazifungi mlango kwa mboga za chumvi za Heilongjiang. Zinachofanya ni kuudhoofisha mnyororo mzima wa hoja, kwa kuwa dhana ilidai kwamba nitriti na nitrosamini za chakulani ndizo zinazoumiza ubongo, popote zinapotoka.

Kuna na ushahidi wa upande mwingine ambao watoa maonyo huuruka. Nchini Marekani, ambako rejista za uvimbe wa ubongo ni nzuri, Wamarekani wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki hupata glioblastoma karibu nusu ya kiwango cha Wamarekani weupe. Mtu asikimbilie kusema kwamba chakula cha Kichina basi kinakinga: urithi wa vinasaba una nafasi yake hapa, na katika nchi nyingi tofauti za viwango hufuata tu wingi wa mashine za CT na MRI, kwani uvimbe usiopigwa picha hauingii katika hesabu. Lakini kama mboga za chumvi zingekuwa chanzo kikubwa cha uvimbe wa ubongo, China ingeonyesha alama kama ile iliyoonekana Linxian kwa umio na Guangdong kwa koo. Ramani ya ubongo haina kilele cha namna hiyo.

Katika miaka ya karibuni makala nyingi, zikiwemo za watafiti wa China, zimetumia mbinu ya vinasaba. Hutafutwa tofauti ndogo za DNA zinazoambatana na tabia ya kula kitu fulani, kisha huangaliwa kama watu wenye tofauti hizo hupata uvimbe zaidi. Faida yake ni kwamba vinasaba havibadilishwi na ugonjwa wala na kumbukumbu. Udhaifu wake hapa ni mkubwa. Taarifa za chakula zinazotumika mara nyingi ni za hazina ya takwimu ya Uingereza, ambako watu waliulizwa kuhusu jibini, mkate na nyama ya ng'ombe. Na kinasaba kinachomfanya mtu apende jibini huenda kinafanya na mambo mengine matano mwilini. Mwandishi akipima vyakula 20 dhidi ya aina kadhaa za uvimbe, kimoja au viwili vitaonekana na uhusiano kwa bahati tu, na hicho kimoja ndicho kitakachopewa kichwa cha habari.

Ajinomoto inaweza kumalizwa kwa haraka zaidi. Ilitengenezwa Japani baada ya Kikunae Ikeda kutambua mwaka 1908 kwamba utamu wa mchuzi wa mwani unatokana na glutameti. Sifa mbaya ilianza mwaka 1968, daktari Robert Ho Man Kwok alipoandika barua katika jarida la kitabibu la Marekani akieleza ganzi na mapigo ya moyo aliyoyapata akila katika migahawa ya Kichina, na akataja ajinomoto kama sababu mojawapo inayowezekana. Mwaka uliofuata John Olney alionyesha kwamba panya wachanga waliodungwa glutameti kwa dozi kubwa waliharibika sehemu ya ubongo. Kilichoharibika ni seli za neva, si kwamba uliota uvimbe, na kudungwa si kula. Glutameti ya chakulani, iwe ya ajinomoto, ya nyanya au ya jibini, sehemu kubwa sana hutumiwa na ukuta wa utumbo wenyewe, na ubongo hujitengenezea yake. Ni kweli kwamba glioma huitumia glutameti kujipenyeza na kuwasiliana na seli za neva, na kutoka hapo wapo waliodai kwamba ajinomoto huilisha. Lakini glutameti hiyo inatoka kichwani humo humo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2017 kikomo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, kwa kutegemea tafiti za wanyama, na kwa wanaozidisha ikataja madhara kama maumivu ya kichwa na shinikizo la damu. Saratani haikuwa sababu.

Yanayojulikana kwa uhakika kuhusu chanzo cha uvimbe wa ubongo ni machache na mengi yako nje ya jikoni: mionzi mikali kichwani, kama ilivyoonekana kwa watoto wa Israeli waliotibiwa mashilingi, yaani fangasi wa ngozi ya kichwa, kwa mionzi katikati ya karne iliyopita, na magonjwa adimu ya kurithi kama nyurofibromatosi. Kwa meninjioma kuna suala la homoni, na kwa wasomaji wanawake wa Afrika Mashariki hili huenda lina maana kuliko mtungi wowote wa kabichi. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2024, uliowahusisha wanawake zaidi ya 18,000 waliopasuliwa meninjioma, ulikuta matumizi ya muda mrefu ya sindano ya uzazi wa mpango yenye medroksiprojesteroni yakiambatana na hatari iliyozidi mara tano na ushee. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni adimu, idadi ya wanaoupata hubaki ndogo, na anayetumia sindano hiyo kwa miaka ana sababu ya kuzungumza na mhudumu wake kabla ya kuamua lolote.

Kwa upande wa China, mahali pa kutazama ni mradi wa Kadoorie, ulioandikisha watu wazima zaidi ya 512,000 katika maeneo kumi ya nchi hiyo kati ya mwaka 2004 na 2008, mji wa Harbin wa Heilongjiang ukiwa miongoni mwao, na ulaji wao wa mboga za kuhifadhiwa ukaulizwa kabla hawajaugua. Huo ndio utafiti wa aina ambayo ile kazi ya mwaka 1999 haikuweza kuwa. Wakati wagonjwa wa kutosha wa glioma wanahesabiwa, anayependa mboga za chumvi na samaki wa chumvi ana sababu nzuri ya kuvipunguza kwa ajili ya tumbo lake, koo lake na shinikizo lake la damu. Aliyekwisha kupatikana na uvimbe wa ubongo hana sababu ya kunyimwa chakula anachokiweza kwa hofu kwamba kilimletea ugonjwa au kitaukuza. Anayepata mionzi na dawa hupungua uzito, hukosa hamu, na mara nyingi kijiko cha mchuzi wenye ladha aliyoizoea ndicho pekee kinachopita kooni.